Wastani wa nafasi ya 17, na bado bingwa: Joey Logano alitwaaje taji la NASCAR 2024?

Novemba 10, 2024, katika uwanja wa Phoenix huko Arizona, Joey Logano alitawazwa bingwa wa NASCAR kwa mara ya tatu. Ukizijumlisha nafasi zote alizomaliza katika mbio 36 za msimu ule, kisha ukagawanya kwa 36, unapata 17.1. Katika historia ya mbio hizo hakuna bingwa aliyewahi kuwa na wastani mbovu kiasi hicho. Ndiyo maana hadi leo, jina lake likitajwa tu, ubishi unaanza: huyu alibebwa kwa mbeleko. Na sasa, baada ya NASCAR kuubadili mfumo wake wa kumpata bingwa kuanzia msimu wa 2026, wanaomkosoa wanasema: mnaona, hata wenyewe wamekiri.

Mimi naona mambo mawili yamechanganywa hapa. Moja ni kama Logano alistahili taji chini ya kanuni zilizokuwepo. La pili ni kama kanuni zenyewe zilikuwa nzuri. Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili bila kujipinga, na hayo ndiyo majibu yangu. Ila kwanza tuelewane maneno.

NASCAR ni chama kinachosimamia mbio hizi Marekani tangu 1948. Mwanzoni magari yake yalikuwa yale yale ya kununua dukani, ambayo mtu angeweza kuendea kazini Jumatatu. Leo yamebaki na sura hiyo tu. Kwa nje utaona Ford Mustang, Chevrolet Camaro au Toyota Camry, lakini chini ya bodi ni gari lililojengwa kwa ajili ya mashindano peke yake: milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani, na kila tairi limeshikwa na nati moja kubwa katikati. Msomaji aliyezoea Safari Rally ya Naivasha aiweke kando picha ile. Kule gari huondoka peke yake na kushindana na saa. Huku magari 36 hadi 40 huachiwa kwa pamoja, yakikimbizana bampa kwa bampa kwa saa tatu au nne, na aliyefika mbele ndiye mshindi. Na wanaosema ni kukata kona kushoto tu wakumbuke kwamba uwanja wa Bristol haufiki mita 900 kwa mzunguko, Daytona ni kilomita nne, na zipo barabara zenye kona za kulia pia. Dereva mmoja anatakiwa azimudu zote.

Msimu una mbio 36. Katika mfumo uliotumika mwaka 2024, 26 za kwanza ziliitwa msimu wa kawaida na kumi za mwisho zilikuwa mchujo. Mshindi wa mbio alipata pointi 40, wa pili 35, wa tatu 34, na kuendelea kushuka pointi moja moja. Kila mbio zilikatwa vipande, na waliokuwa kumi bora mwishoni mwa kila kipande cha awali waliongezewa pointi, kumi kwa wa kwanza hadi moja kwa wa kumi.

Sasa huo mchujo. Mpenzi wa soka anajua tofauti ya ligi na kombe la mtoano. Kwenye ligi, timu inayopata sare ugenini na kushinda nyumbani mwaka mzima itakuwa juu, na kipigo kimoja cha mabao matano hakiiui. Kwenye mtoano, timu iliyosuasua kwenye makundi inaweza kushinda mechi nne za mwisho na kubeba kombe, na hakuna anayeuliza ilipata pointi ngapi mwezi wa pili. NASCAR ya 2024 ilianza kama ligi na kumalizika kama mtoano. Madereva 16 waliingia kwenye mchujo. Baada ya mbio tatu walibaki 12, baada ya tatu nyingine wakabaki 8, kisha 4. Wanne hao walikutana Phoenix katika mbio moja, wakikimbia pamoja na magari mengine, pointi zao zote zikiwa hazina kazi tena, na aliyewatangulia wenzake watatu akawa bingwa. Kulikuwa pia na njia ya mkato: ukishinda mbio yoyote ya msimu wa kawaida, kwa kawaida ulikuwa umejihakikishia nafasi kwenye mchujo, na ukishinda mbio ndani ya hatua ya mchujo, ulivuka kwenda hatua iliyofuata hata kama mbio nyingine mbili ulizivuruga.

Angalia hesabu hii ndogo. Dereva mmoja anamaliza wa 10 mara mbili: wastani wake ni 10, na pointi zake 27 mara mbili, yaani 54. Mwenzake anashinda mara moja na mara nyingine gari linaharibika anamaliza wa 35: wastani wake ni 18, na pointi zake 40 na 2, yaani 42. Kwa wastani na kwa pointi yuko nyuma. Lakini ni yeye aliyeshinda, na katika mfumo ule ushindi ulifungua mlango ambao nafasi za kumi haziufungui. Huyo wa pili ndiye Logano wa 2024, mwaka mzima.

Msimu wake ulianza kwa mkosi. Kwenye Daytona 500 ya Februari alipata nafasi ya kwanza kwenye gridi na akaongoza mizunguko mingi kuliko yeyote, lakini mizunguko ikiwa imebaki michache akanaswa katika ajali iliyozoa magari zaidi ya ishirini. Wiki iliyofuata, Atlanta, alikutwa na glavu iliyoshonewa kitambaa katikati ya vidole, ya kuzuia hewa anapoweka mkono kwenye wavu wa dirisha. Akapelekwa mwisho wa gridi, akaadhibiwa mbio zilipoanza, na kutozwa faini ya dola 10,000. Mei alishinda mbio za nyota huko North Wilkesboro kwa kuongoza mizunguko 199 kati ya 200. Pesa nyingi, sifa nyingi, lakini mbio zile hazihesabiwi kwenye ubingwa. Katikati ya mwaka alikuwa hana ushindi hata mmoja wenye pointi.

Ushindi ulikuja Juni 30 huko Nashville, katika mbio zilizokataa kuisha. Kanuni inasema bendera ya njano, ile ya kuyapunguzia magari mwendo kunapokuwa na hatari, ikitolewa mwishoni kabisa, mizunguko huongezwa ili mbio zimalizike kwa mwendo kamili. Siku ile waliongeza mara tano, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mbio za mizunguko 300 zikafika 331. Waliokuwa mbele wakaanza kukaukiwa mafuta mmoja baada ya mwingine. Logano alikuwa ameyabana yake, akaanza kuongoza mwishoni kabisa, na akashinda. Watu wakasema bahati. Ila kubana mafuta ni kazi: unaachia kasi mapema kabla ya kona, unajificha nyuma ya gari lingine upepo usikukamate, na wakati huohuo hutakiwi kupitwa. Wengi walijaribu siku ile na hawakufika.

Alimaliza msimu wa kawaida akiwa wa 15 kwa pointi. Mchujo ukafunguliwa Atlanta Septemba 8, naye akashinda palepale. Hatua ya kwanza imevukwa.

Kisha likaja tukio linalozua kelele kuliko yote. Oktoba 13, Charlotte, kwenye ile barabara inayochanganya uwanja wa duara na kona za ndani, hatua ya madereva 12 ilikuwa inafungwa. Logano alimaliza wa nane, lakini pointi hazikutosha. Alipungukiwa nne. Alikuwa nje. Saa chache baadaye, magari yalipopimwa kama yanavyopimwa baada ya kila mbio, gari namba 48 la Alex Bowman wa timu ya Hendrick Motorsports likakutwa halifikishi uzito unaotakiwa. Bowman akafutiwa matokeo, akashuka chini ya mstari wa kufuzu, na Logano akarudishwa.

Hapa ndipo neno “alibebwa” lilipozaliwa. Nalielewa, lakini halina msingi. Mizani haikuwekwa kwa ajili ya usiku ule. Na kama NASCAR ina kipenzi anayeitwa Logano, imekuwa na namna ya ajabu ya kumpenda. Mwaka 2017 alishinda Richmond mwezi Aprili, mafundi wa chama wakakuta kasoro kwenye mfumo wa nyuma wa gari lake, ushindi ule ukanyimwa haki ya kumpeleka kwenye mchujo, na akaukosa mchujo kabisa. Aprili 2025, akiwa bingwa mtetezi, alimaliza wa tano Talladega, ikagundulika boliti moja haipo kwenye sehemu inayoshikilia bawa la nyuma, akafutwa na kuwekwa mkiani. Wiki moja baadaye alishinda Texas. Ndivyo maisha yake yalivyo.

Turudi 2024. Siku saba baada ya kurudishwa, huko Las Vegas, Christopher Bell aliongoza zaidi ya nusu ya mbio na alionekana hakamatiki. Logano na timu yake wakaamua kutosimama tena kuongeza mafuta. Mizunguko sita kabla ya mwisho akampita Daniel Suárez, aliyekuwa akicheza kamari hiyohiyo, na akafika mbele huku Bell akimkaribia kwa kasi. Kwa ushindi huo akawa wa kwanza kujihakikishia fainali. Mtu aliyekuwa ametolewa wiki moja nyuma sasa alikuwa na wiki tatu za kuandaa gari la Phoenix, wakati wapinzani wake bado wakipigania nafasi zilizobaki.

Kitu hiki hupewa uzito mdogo mno na wanaobishana. Timu ambayo tayari iko fainali inaweza kuelekeza mawazo yake yote kwenye uwanja mmoja. Paul Wolfe, fundi mkuu wa Logano, alikuwa amepitia njia hiyohiyo mwaka 2022: walishinda Las Vegas Oktoba, wakajiandaa kwa Phoenix, wakachukua taji. Kwa maana hiyo walikuwa wanarudia kazi wanayoijua.

Fainali yenyewe haikuwa na utata. Walikuwa Logano, mwenzake wa Team Penske Ryan Blaney, William Byron, na Tyler Reddick anayeendeshea timu ambayo Michael Jordan wa mpira wa kikapu ni mmoja wa wamiliki wake. Reddick ndiye aliyekuwa kinara wa msimu wa kawaida, kwa tofauti ya pointi moja tu mbele ya Kyle Larson. Logano aliongoza mizunguko 107. Mbio zilipoanzishwa upya kwa mara ya mwisho, akajipenyeza mbele, kisha Blaney akamfukuza mzunguko baada ya mzunguko hadi mstari wa mwisho. Walitofautiana theluthi moja ya sekunde. Hakukuwa na mizani ya kumsaidia wala gari la mpinzani lililokwisha mafuta. Siku ambayo ubingwa wote ulikuwa mezani, alikuwa wa kwanza kati ya magari yote uwanjani.

Wastani wa 17.1 unatuambia kitu cha kweli: kwamba msimu mzima gari lake namba 22 halikuwa miongoni mwa yenye kasi zaidi. Alimaliza ndani ya kumi bora mara 13 tu kati ya 36. Larson alishinda mbio sita dhidi ya nne za Logano, na aliishia kutolewa hatua moja kabla ya fainali. Mtu akisema Larson ndiye aliyekuwa dereva bora wa mwaka, sitabishana naye. Lakini wastani haujui siku gani ni siku gani. Nafasi ya 30 ya mwezi Aprili unaihesabu sawasawa na ushindi wa Oktoba. Ushindi mitatu kati ya minne ya Logano ulikuja ndani ya mchujo, na wa mwisho ulikuja siku ambayo kuwa nyuma ya yeyote kati ya wapinzani wake watatu kungemnyima taji.

Anayedhani huyu ni mtu aliyeibuka siku moja kwa zali aangalie alikotoka. Alizaliwa Connecticut mwaka 1990. Alipewa jina la utani la mkate uliokatwa, kutokana na msemo wa Wamarekani kwa kitu kizuri kuliko vyote tangu mkate huo uje duniani, kabla hata hajafikia umri wa kushindana na wakubwa. Mwaka 2009 Joe Gibbs Racing wakamkabidhi gari namba 20 lililoachwa na Tony Stewart, bingwa mara mbili wakati ule. Juni mwaka huo, New Hampshire, mvua ikakatisha mbio akiwa mbele. Alikuwa na miaka 19 na mwezi mmoja, mshindi mdogo kuliko wote katika ngazi hiyo. Ona, hata ushindi wa kwanza uliletwa na wingu, na alikuwa amekaa mahali sahihi.

Baada ya hapo kukawa kiza. Ushindi wa pili ulimchukua miaka mitatu. Mwisho wa 2012 Gibbs wakaachana naye na gari lake akapewa Matt Kenseth. Akiwa na miaka 22, wengi walishaandika kwamba sifa zilimtangulia mno. Penske wakamchukua, na akiwa nao akashinda Daytona 500 ya 2015. Msimu huohuo alikuwa kwenye kasi ya ubingwa, aliposhinda mbio tatu mfululizo Oktoba. Moja ya hizo, Kansas, aliipata baada ya kumgonga Kenseth akazunguka akiwa anaongoza. Wiki mbili baadaye, Martinsville, Kenseth aliyekuwa nyuma mizunguko kadhaa akamsukumia ukutani kwa makusudi Logano akiwa anaongoza. Kenseth akafungiwa mbio mbili, na msimu wa Logano ukafa pale. Alikuwa na gari la kushinda taji na hakulipata. Miaka tisa baadaye hakuwa nalo, na akalipata. Kati ya hizo mbili akatwaa mataji ya 2018 na 2022.

Kenseth huyo ana nafasi kubwa kuliko ugomvi ule, kwa sababu wengi humtaja yeye kuwa chanzo cha mchujo wenyewe. Mwaka 2003, msimu ulipokuwa bado ligi tupu, Kenseth alichukua ubingwa akiwa ameshinda mbio moja tu. Alikuwa akimaliza vizuri kila wiki bila kuwaka. Ryan Newman alishinda nane mwaka ule, akamaliza wa sita. Mashabiki wakalalamika: bingwa gani huyu asiyeshinda? Mwaka uliofuata NASCAR ikaanzisha mfumo wa kuzitenga mbio kumi za mwisho kwa madereva wachache wa juu, na mwaka 2014 ikaongeza kutoana kwa hatua. Katika mwaka wa kwanza wa kutoana huko, Newman yuleyule alifika fainali bila kushinda hata mbio moja, na alibakiza nafasi moja tu nyuma ya Kevin Harvick awe bingwa. Mfumo uliotungwa kwa sababu ya bingwa asiyeshinda nusura uzae bingwa mwingine asiyeshinda.

Kwa hiyo malalamiko ya 2003 yalikuwa kwamba dereva alitawazwa kwa kuwa wa wastani mzuri, na ya 2024 kwamba dereva alitawazwa licha ya wastani mbaya. Hakuna mfumo utakaoponya yote mawili. Hata hivyo nadhani kuweka mwaka mzima kwenye mbio moja kulizidi mpaka. Mwaka 2025 ulionyesha hilo kwa uchungu zaidi: Denny Hamlin aliongoza mizunguko 208 ya fainali ya Phoenix, bendera ya njano ikatolewa mwishoni, na Larson akaondoka na ubingwa bila kuongoza mzunguko wowote siku ile. Mioyo ya watu wengi ilivunjika, wa kwangu ukiwemo, ingawa Larson naye hakuvunja kanuni yoyote.

Mfumo wa 2026 umeondoa kutoana na ile njia ya mkato ya ushindi mmoja. Madereva 16 wanaingia kwenye mbio kumi za mwisho kwa pointi, na mwenye pointi nyingi baada ya zote kumi ndiye bingwa. Ili kushinda kusipoteze maana, pointi za mshindi zimepanda kutoka 40 hadi 55. Rudia sasa hesabu yetu ndogo. Mwenye nafasi mbili za kumi bado anapata 54. Mwenye ushindi na nafasi ya 35 anapata 57, na ameshika usukani kwa pointi tatu. Lakini akimaliza tena wa 35 wiki inayofuata, huku mwenzake akiwa wa 10, tayari yuko nyuma kwa pointi 22, na hakuna ushindi wa Las Vegas utakaomrukisha moja kwa moja hadi fainali. Logano wa sasa atahitaji kuzigeuza nafasi za 28 kuwa za 14 katika zile wiki ambazo gari halina kitu, tangu Februari.